Panya Kwenye Bango la Kanisa

Wacha nianze kwa kukiri, maana najua wengine wenu mmeshasikia habari ya mtaani, ile inayosema kwamba mimi Nekesa nilisimama mbele ya kanisa zima kule Kariobangi nikatangaza kuwa tumeua mtu kazini. Nusu yake ni kweli. Nilisimama, kanisa lilikuwa limejaa, na neno "tulimuua" lilitoka kinywani mwangu kupitia kipaza sauti (kilichokuwa kimefunguliwa mpaka mwisho, kama kawaida yetu). Aliyekufa hakuwa mtu. Lakini hilo la kuitwa muuaji lilinipita upesi. Aibu ambayo bado ninayo ni kwamba kaka yangu alikuwa amesimama kando yangu, mkono umefungwa bendeji, akiamini kitu nilichomwacha akiamini, na kila siku aliyokuwa akiamini ilikuwa inamharibia mkono.

Kwa wasiojua kazi yangu, niko kwenye maabara moja hapa Nairobi na napiga picha. Si za harusi. Napiga picha za seli za ubongo kwa hadubini kubwa ambayo huwashwa kabla sijavua hata sweta, ipate joto. Ubongoni kuna seli za neva, hizo ndizo zinazosifiwa, halafu kuna nyingine zenye umbo la nyota zinazozizunguka, kazi yake kulisha, kusafisha na kushikilia. Tunaziita seli saidizi. Kila moja ina mikono mirefu, na zamani ilichukuliwa kwamba protini zote hutengenezwa katikati ya seli kisha zinasafirishwa mpaka huko mwisho wa mikono, kumbe nyingine zinatengenezwa kulekule mkononi, kama fundi anayekuja na mashine ya kuchomelea mpaka mlangoni kwako badala ya kukuambia umbebee mlango. Mimi natafuta kujua neva ya mwilini ikikatika, hawa wasaidizi kule ubongoni wanabadilisha vipi huo utengenezaji wao. Tunatia dawa inayonata kwenye protini ikiwa bado inaundwa, halafu rangi inayonata kwenye dawa, na pale protini inapozaliwa panang'aa kijani. Na yote hayo tunayafanya kwa panya.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonishinda kusema.

Kaka yangu anaitwa Barasa. Ni fundi wa mbao soko la Gikomba, anatengeneza vitanda, na mimi nimesomeshwa na hivyo vitanda kuanzia darasa la tano mpaka chuo kikuu, baada ya baba yetu kuaga. Mwaka juzi msumeno wa umeme ulimruka ukamkata mkono wa kulia upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Hospitali walizuia damu, wakashona ngozi, akarudi nyumbani akishukuru kwamba mkono upo. Baada ya siku chache ndipo akagundua kidole kidogo na jirani yake havisikii chochote, hata akivigusa kwa kijiko cha chai ya moto. Akarudishwa kwa daktari wa upasuaji, naye akasema neva imekatika, inafaa iunganishwe, na jambo hili halitaki kungoja kwa sababu misuli isiyopata habari kutoka kwa neva huanza kunyauka. Akaongeza kwamba ncha mbili zikikosa kufikiana atachukua kipande cha neva nyembamba kutoka mguuni kuziba pengo. Mimi hapo nilisikia ufundi. Kaka yangu alisikia kwamba sasa na mguu unaenda. Akapewa tarehe, Alhamisi, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kuamka usiku na kukaa kitandani tu, mkewe akaniambia.

Jumapili kabla ya hiyo Alhamisi nilienda kwake mtaa wa Ziwani kula chakula cha mchana. Mke wake tunamwita Mama Trevor, na lazima niwaambie jambo moja kumhusu, kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Mama Trevor hataji panya. Zile nyumba ni za zamani, panya wapo, na alivyolelewa kwao ni kwamba ukimtaja kwa jina anakusikia, anakuja kukata nguo zako. Anawaita "wale wageni". Na wiki hiyo hao wageni walikuwa wameingia kwenye debe la unga, debe zima likamwagwa, kwa hivyo hata "wageni" lilikuwa neno zito mezani.

Basi tunakula, kuku na ugali, Kaka anatumia kijiko kwa mkono wa kushoto (alikuwa anaona aibu kula hivyo mbele yangu, aliinamia sahani kabisa), na mimi kwa kutaka kumtoa kwenye mawazo nikatoa simu nikamwonyesha picha. Ilikuwa nzuri ajabu, sijawahi kupiga nyingine kama ile. Nyota za kijani kwenye giza, mikono imetanda.

"Hii ni nini inawaka hivi?" akauliza.

"Ni ubongo, Kaka. Hizi nyota ni wasaidizi."

"Wasaidizi wa nani?"

"Wa neva. Neva ikikatika huko mwilini, hawa kwa ubongo wanaamka. Wanaanza kutengeneza protini palepale walipo, hawangojei kuletewa."

Akaweka kijiko chini. "Huyu alikatika neva ya wapi?"

"Ya mkono," nikasema (kazini tunasema mguu wa mbele, lakini ningeanzaje).

"Ni nani?" akauliza Mama Trevor, akiwa na paja la kuku mkononi.

Hapo ndipo. Nikalitazama lile paja, nikalifikiria lile debe la unga, nikasema, "Ni mgonjwa wetu mmoja." Na kazini kweli huwa tunawaita wagonjwa, ni mzaha wetu, kwa hivyo hata dhamira haikunisuta.

"Na huyo mgonjwa alishonwa hiyo neva?" Kaka akauliza.

"Hapana."

"Hakupasuliwa kuungwa."

"Hapana, hakuungwa."

"Na bado wasaidizi wakaamka."

"Ndio, waliamka."

Hakuna jibu hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo. Akaniomba nimtumie ile picha kwenye simu yake, nikamtumia. Nami nakiri mbele yenu kwamba baada ya vyombo kuondolewa nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikaa mpaka saa kumi na moja. Lakini alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kushoto akiitazama ile picha, uso umelegea kwa mara ya kwanza tangu aumie, na zaidi ya hapo, miaka yote hiyo niliyosoma hajawahi kuiangalia kazi yangu namna ile. Nilifurahi. Nilitaka kubaki kwenye ile furaha kidogo, ndiyo sababu yenyewe, kuku ni kisingizio.

Alhamisi nilipiga simu, akachukua Mama Trevor, akasema wako nyumbani, wako sawa kabisa na nitaona mambo. Nilikuwa na panya wangu mezani wakati huo, nikafikiri anamaanisha upasuaji umesogezwa mbele, nikakata. Wiki iliyofuata akanipigia mchungaji wao. Mimi siabudu pale, lakini namfahamu, ni mtu mpole, fundi viatu siku za wiki. Akaniomba kwa heshima nije Jumapili kwenye ibada ya shukrani niwaelezee ile picha, dakika tano tu. Moyo ukavimba. Mtoto wa vitanda vya Gikomba anaitwa kufundisha sayansi kanisani, nani angekataa? Nikapiga pasi koti langu jeupe la maabara (Mungu anisamehe) nikalibeba kwenye mfuko, nikalivaa kwenye ngazi nikiwa karibu kuingia.

Kanisa lao ni ghorofa ya pili, juu ya karakana za mabati. Nilipofungua mlango kitu cha kwanza kuona ni bango, limetandazwa ukutani nyuma ya madhabahu, refu kama kitanda cha watu wawili. Upande wa kushoto uso wa Kaka Barasa akitabasamu. Upande wa kulia panya wangu, yaani ubongo wake, nyota zile za kijani, kila moja sasa ukubwa wa sahani. Na juu kwa herufi nyekundu: MSAIDIZI AMEONEKANA.

Ilinichukua muda kuelewa. Nyumbani nilisema wasaidizi, Mama Trevor akasikia Msaidizi. Na ninyi mnajua katika makanisa yetu Msaidizi ni Roho Mtakatifu mwenyewe, si wa kuandikwa kwa herufi ndogo. Alikuwa ametuma picha kwenye grupu ya kanisa akaandika kwamba Msaidizi amepigwa picha akifanya kazi kwa ubongo, kutoka hapo ikaenda grupu ya kina mama, ikaenda ya vijana, na ilipofika kwa mwenye kutengeneza mabango ubongo ulikuwa umeshakuwa wa Barasa mwenyewe.

Nikawekwa kiti cha mbele, na koti langu. Kaka aliponiona aliniinulia ule mkono wenye bendeji, akacheka. Mchungaji akasimama, akaeleza jinsi ndugu yetu alivyoumia, jinsi alivyopangiwa kisu, akanyamaza kidogo kwa sababu kule chini kuna mtu alikuwa anagonga bati, kelele zikaisha, akaendelea.

"Na ndugu yetu akasema, mimi siendi. Alhamisi ikafika, hakuenda. Kwa sababu tayari ameona."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kuhesabu siku. Kwa hivyo hakuna kilichosogezwa. Hakuenda, tarehe imepita zaidi ya wiki, na neva imelala mkononi mwake ncha mbili mbalimbali huku sisi tunapiga makofi.

Nikaitwa. Kaka naye akaitwa asimame kando yangu. Nikapewa kipaza sauti na nikafanya kosa la pili, nikaanza kusema kwa upole. Nikasema bwana asifiwe, nikasema hii picha ni ya utafiti, kwamba si ya Barasa. Kukawa na manung'uniko kidogo. Mchungaji kwa wema wake akataka kuniokoa.

"Dada yetu, si neno. Ni ya yule mgonjwa mwingine, aliyekatika mkono kama ndugu yetu, si ndiyo? Tuambie, sasa yeye yuko wapi?"

"Hayuko," nikasema.

"Amerudi kwao?"

"Amekufa."

Kanisa zima likasema "woi" kwa pamoja. Kaka akanigeukia. Mchungaji akashusha sauti. "Pole sana. Ni ule mkono uliomuua?"

Na sasa sikilizeni, nilikuwa nimeamua sitatoa tena jibu la kukwepa. Nikasema, "Hapana. Sisi ndio tulimuua. Huwezi kupata picha kama hii bila kuutoa ubongo wenyewe nje."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akachukua mkoba wake akaukumbatia. Mwingine akavuta mtoto. Nami na lile koti jeupe nimesimama pale, najua kabisa ninavyoonekana, nikatafuta neno la kutengeneza mambo na halikuwepo ila moja.

"Ni panya," nikasema. "Mgonjwa ni panya. Hiyo yote ni ubongo wa panya."

Upande wa kwaya kijana mmoja akauliza, hata si kwa ubaya, "Hiyo ya bango?" na kicheko kikaanzia hapo, kikaenda nyuma, kikarudi. Nilimwona Mama Trevor akijifunika uso kwa leso. Wakati wowote mwingine ningecheka nao, na hata leo nikisimulia huwa nacheka mpaka hapa. Lakini Kaka alikuwa bado ameinua ule mkono. Alikuwa ameuinua wakati wa makofi, na akausahau huko juu. Nikamwona akiutazama, kisha akaushusha, akauingiza ndani ya koti lake, akatembea katikati ya viti akatoka. Vitanda vya nusu ya watu waliokuwa wakicheka ametengeneza yeye.

Nikarudisha kipaza sauti, nikamfuata. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Kule chini jamaa wa bati alikuwa bado anagonga. Nikakaa ngazi moja chini yake.

"Ungeniambia tu kwa nyumba," akasema.

"Tulikuwa tunakula, Kaka. Na Mama Trevor..."

"Nekesa. Mimi nimeosha wewe pua. Ungenivuta nje."

Kisha akaongeza, "Tangu ile Jumapili nimekuwa nikilala. Unajua hiyo? Nalala mpaka asubuhi."

Hilo ndilo lililonivunja, nikalia pale kwenye ngazi na koti langu la maabara, watu wanatupita. Akangoja nimalize, kisha akaniuliza, "Sasa wale wasaidizi. Wa kwangu pia wanawaka?"

"Labda wanawaka," nikasema. "Lakini hatujui kuwaka kwao kunamaanisha nini. Inaweza kuwa wanasaidia. Inaweza kuwa ndio wanaofanya uchungu ukae miaka. Hata sisi tunaopiga picha hatujui. Na hawawezi kuunga neva ya mkono, wako mbali, wako kwa kichwa. Hiyo kazi ni ya daktari."

"Hiyo ndiyo ungesema."

"Ndio."

"Hata kama kuna kuku."

"Hata kama kuna kuku, Kaka."

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Daktari hakugomba, na ingekuwa afadhali agombe. Aliushika ule mkono, akabonyeza nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniuliza mimi, si yeye, kama palikuwa hivi wiki mbili zilizopita. Palikuwa pameanza kuingia ndani. Nikasema sijui, sikuwa nimeangalia. Tukapewa tarehe nyingine, na hiyo haikuwa ya wiki hiyo wala inayofuata, foleni ni foleni. Alipopasuliwa walilazimika kuchukua neva ya mguuni kweli, na mguu wenyewe hauna shida, ana alama tu na mahali padogo pa ganzi pembeni ya wayo.

Mchungaji alikuja kutuona hospitalini, akaniomba msamaha, mimi nikamwomba yeye, tukabaki tunaombana msamaha mpaka nesi akatuambia muda umeisha. Bango likateremshwa. Nasikia limetumika upande wa pili kufunikia mbao za mtu, na sijathubutu kwenda kuangalia. Mama Trevor aliniambia lake moja tu, akiwa amenikazia macho, "Wifi, ile siku ungelisema hilo jina. Nguo ningenunua zingine." Na siku hizi mbele yangu anasema panya, waziwazi, kama adhabu.

Mimi niliweka nadhiri. Picha yoyote ikitoka kwenye mashine kwenda kwa simu yangu naiandika juu kwa herufi kubwa PANYA, hata kabla sijaipa namba, wenzangu wananicheka na mimi nawaacha wacheke. Na mtu akiniuliza kama kitu fulani kitampa ndugu yake nafuu, nikiona uso wake unaanza kulegea kwa matumaini, hapo ndipo namwambia sehemu mbaya, haraka, kabla sijaanza kuipenda ile sura.

Juzi nilipita kwake Gikomba. Amerudi kazini, anashika randa vizuri, kidole cha nne kimeanza kusikia baridi na moto. Kile kidogo bado. Nilikuwa nimekaa juu ya mbao nikimtazama akipiga msasa ubao wa kichwani mwa kitanda, nikaona alama nyekundu zinafuata mkono wake juu ya mbao, moja baada ya nyingine, naye anaendelea tu kuzungumza. Nikamwambia asimame. Kibanzi kilikuwa kimeingia kwenye kidole kidogo, karibu nusu yake, na hakuwa na habari.

Akakiangalia kidole kama cha mtu mwingine. Akaniuliza bila kuinua macho, "Kama ningeenda ile Alhamisi?"

Nilitamani sana kumwambia ingekuwa vilevile. Lilikuwa neno jepesi na lilikuwa pale pale mdomoni.

"Sijui, Kaka," nikasema. "Pengine kingesikia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali vipimo alivyopewa. Kisha akaninyooshea mkono. "Toa tu," akasema, "vuta hata kwa nguvu, sisikii."

Nikakishika kile kidole kwa mikono yote miwili, nikakivuta kibanzi polepole sana, kana kwamba kinauma.